Mvuje: mmea wa milimani ndani ya nyumba za Mombasa

Nyumba ya Mombasa yenye mtoto mchanga utaijua kabla hujapiga hodi. Harufu ya udi iko, ya mafuta ya nazi iko, na katikati yao kuna nyingine kali, ya kitunguu thomu kilichovunda, ambayo asiyeizoea humfanya arudi nyuma hatua moja. Ni mvuje. Umefungwa kwenye kitambaa cheusi pamoja na habasoda, ukashonwa, ukavishwa mtoto mkononi au shingoni, au ukawekwa chini ya mto wake. Mgeni akiuliza cha nini, ataambiwa ni kinga: ya jicho, ya husuda, ya mashetani wanaoandama wachanga. Akiuliza mvuje wenyewe watoka wapi, ataambiwa watoka dukani.

Harufu hii nimekua nayo na naipenda. Kwa miaka sasa nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu mmea ambao utomvu wake ukiganda ndio mvuje, na ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba sisi watu wa pwani tumeujua mvuje ukiwa mwishoni mwa safari yake, wakati mwanzo wake ndio mkubwa. Mwanzo huo uko kwenye milima mikavu ya Iran na Afghanistan, katika mimea ya porini iliyo familia moja na karoti. Kila kipande cha mvuje safi tunachokinunua kimegharimu uhai wa mmea, na mmea ulioishi miaka mingi kabla ya kuguswa na kisu. Nataka anayekinunua alijue hilo, na akishalijua aamue mwenyewe kipande chake akitie wapi na kiasi gani.

Wataalamu huiita jenasi hii, yaani ukoo huu wa mimea, Ferula. Ina spishi zinazokaribia 200, zilizotawanyika kuanzia nchi za Bahari ya Mediterania mpaka Asia ya Kati. Linnaeus, Mswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi, aliiandika mwaka 1753, na mmea wa mvuje akaupa jina la Ferula assa-foetida. Siku hizi inajulikana kwamba mvuje hautoki kwenye spishi hiyo peke yake; kuna ndugu zake kadhaa, mmojawapo ukiwa Ferula foetida, wanaokamuliwa vilevile na utomvu wao kuuzwa kwa jina lilelile.

Kuhusu familia, mpishi wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali. Afungue kabati lake. Giligilani ni ya familia hiyo ya karoti, inayoitwa Apiaceae. Bizari nyembamba ya pilau, shamari, kisibiti, kotmiri ya kachumbari, zote ni ndugu za mvuje. Alama yao ni ua. Vijiti vingi huchomoza mahali pamoja na kutawanyika, kila kijiti kikagawanyika tena kuwa vijiti vidogo zaidi, na kila kimoja kikabeba kijiua chake, hata vyote pamoja vikafanya mwavuli. Aliyewahi kuotesha kotmiri kwenye kopo barazani, akachelewa kuikata ikapitiliza, ameuona mwavuli huo ukiwa mdogo na mweupe. Wa Ferula ni wa manjano, na husimama juu ya shina nene linaloweza kumpita mtu mzima kwa kimo.

Lakini shina hilo halitoki mapema. Mbegu ikiota, miaka ya kwanza mmea hauna shina kabisa. Una majani tu, yaliyochanikachanika vipande vyembamba, yamelala karibu na ardhi. Theluji ikishayeyuka majani hayo yanachomoza na kulifaidi jua kwa muda mfupi. Kisha kiangazi kinaingia, na kiangazi cha huko si cha kwetu chenye umande wa bahari. Ni kikavu mno. Majani yote yanakauka, na anayepita hapo haoni kitu ila mawe na vumbi. Chini ya ardhi mzizi uko. Ni mzizi mnene unaoshuka moja kwa moja, na kila mwaka unaongeza akiba kidogo. Miaka minne, mitano, au zaidi ya hiyo hupita namna hiyo. Halafu mwaka mmoja akiba inatosha. Mmea unasukuma shina juu, unafungua miavuli yake, unaweka mbegu, unakufa. Mimea inayotoa mvuje huchanua mara moja tu katika maisha yake.

Na mvunaji huja kabla ya siku hiyo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi hii yafaa ielezwe polepole.

Mvunaji hutembea mlimani majira ya kuchipua akitafuta mimea iliyokomaa, ile ambayo ingekaribia kuchanua. Akiupata, huchimbua udongo kuzunguka shingo ya mzizi mpaka kichwa chake kionekane. Hukata majani na chipukizi lolote, akauacha mzizi uko palepale ardhini. Kwenye jeraha hilo hutoka maziwa meupe mazito. Jua kali likiyapiga yataharibika, basi mvunaji hukifunika kichwa cha mzizi kwa majani makavu, vijiti au mawe ili kipate kivuli, akaondoka. Baada ya siku kadhaa hurudi. Maziwa yameshaganda, yamebadilika rangi, kutoka nyeupe kwenda kwenye wekundu wa udongo. Huyakwangua, akayatia kwenye chombo chake, kisha hukata tena kipande chembamba kutoka kwenye mzizi uleule ili jeraha lifunguke upya. Anafunika, anaondoka, anarudi. Hufanya hivyo kwa wiki nyingi, huenda hata miezi mitatu, akishuka na mzizi kidogo kidogo mpaka usiwe na chochote cha kutoa. Mzizi mzuri unaweza kutoa kiasi cha kilo moja. Ukimaliza kutoa umekufa.

Utomvu huo mmea haukuuweka kwa ajili yetu. Ni silaha yake. Mzizi uliojaa chakula katika nchi kavu ni karamu kwa kila mnyama na kila mdudu, na mmea umejilinda kwa kuweka ndani yake gundi inayoziba jeraha pamoja na mafuta yenye salfa yanayomkirihisha mwenye kutaka kuutafuna. Harufu inayotufanya tufunge kipande kwenye kitambaa cha mtoto hutoka kwenye mafuta hayo ya salfa. Nilipolielewa hili nilifurahi sana, kwa sababu wahenga wetu walioona mvuje ni kinga hawakuwa mbali na kazi ambayo mmea wenyewe umeupa.

Kinachonitia wasiwasi ni hesabu ya mbegu. Mmea uliokamuliwa kabla ya kuchanua hauachi kizazi. Mlima ukiwa na wavunaji wachache na mimea mingi, hakuna neno. Mingi itaponyoka, itachanua, na mbegu zitapeperushwa na upepo, maana ni bapa na nyepesi. Bei ikipanda na wavunaji wakaongezeka, mambo hubadilika. Na jenasi hii, ikiwa wanachuoni wamekisia sawa, imeshawahi kupitia msiba wa namna hiyo.

Kulikuwa na mji wa Wagiriki ukiitwa Kirene, katika nchi inayoitwa leo Libya. Wasomaji wa Biblia wanaujua kwa Simoni Mkirene. Utajiri wa mji huo ulitokana na mmea mmoja wa porini, silfiamu, ambao utomvu wake ulikuwa dawa, kiungo cha chakula na bidhaa ya thamani kubwa. Wakirene waliuchora kwenye sarafu zao, na sarafu hizo zipo mpaka leo: shina nene, majani yaliyokumbatia shina kwa chini, mwavuli juu. Ukiziangalia picha zake utaona umbo la Ferula, ndiyo maana wengi huuweka mmea huo kwenye jenasi hii au karibu nayo sana. Theophrastus, Mgiriki aliyeandika juu ya mimea karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza kwamba silfiamu ilikataa kulimwa. Ilitaka kuota yenyewe porini. Pliny Mrumi ameandika kwamba Julius Caesar, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, alitoa kwenye hazina ya Roma ratili 1,500 za utomvu huo pamoja na dhahabu na fedha. Pliny huyohuyo ndiye aliyeandika kwamba katika zama zake shina moja tu ndilo lililopatikana, likapelekwa kwa Kaizari Nero kuwa tunu.

Warumi walipokosa silfiamu waligeukia utomvu uliotoka Uajemi, wa bei nafuu na harufu kali zaidi. Ndio mvuje. Kwa hiyo mvuje uliingia kwenye majiko ya Roma ukiwa mbadala wa mmea ulioisha. Mwaka 2021 Mahmut Miski, profesa wa Chuo Kikuu cha Istanbul, alichapisha makala akipendekeza kwamba silfiamu haikuisha: kwamba Ferula drudeana, mmea adimu unaoota Uturuki karibu na Mlima Hasan, unafanana nayo kwa umbo na kwa mambo mengi yaliyoandikwa na watu wa kale. Wapo waliokubali na wapo waliosita. Mimi naomba iwe kweli. Hata ikiwa kweli, ni mmea uliobaki mahali pachache sana duniani.

Tuje India, maana huko ndiko mvuje wetu mwingi unakopitia. India ndiyo mlaji mkubwa kabisa wa mvuje, na kwa karne zote hizo haikuwa ikiulima. Kila mwaka imekuwa ikiagiza kiasi cha tani 1,200 za mvuje ghafi kutoka Afghanistan, Iran na Uzbekistan. Mji wa Hathras, katika jimbo la Uttar Pradesh, umejulikana kwa kazi ya kuuchanganya na kuutayarisha. Tarehe 15 Oktoba 2020 watafiti wa taasisi ya serikali iliyoko Palampur walipanda mche wa kwanza katika kijiji cha Kwaring, bonde la Lahaul, kwenye baridi ya Himalaya, baada ya kupata mbegu kutoka Iran. Kazi haikuwa nyepesi, kwa kuwa mbegu za mvuje hulala. Zinataka baridi ya kutosha kabla ya kukubali kuota, na nyingi hazioti hata zikibembelezwa. Mwaka 2025 taasisi hiyo ikatangaza kwamba mmea umechanua na kuweka mbegu kwenye ardhi ya India. Niliposoma habari ile nilimpigia simu rafiki yangu mmoja muuza viungo nikamweleza, naye akaniuliza bei itashuka lini. Ni swali la haki. Kwangu mimi habari kubwa ni kwamba sasa yupo mtu anayeuacha mmea uchanue kwa makusudi.

Kwa watu wa Mombasa njia ya mvuje ni ya kale. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Ghuba ya Uajemi, Arabuni na India yalileta tende, mazulia, vyombo na dawa, yakarudi na kusi yakiwa na boriti na pembe. Waganga waliosoma tiba ya Kiarabu waliufahamu mvuje vitabuni. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara, eneo ambalo jenasi hii imejaa, ameuandika miongoni mwa dawa zake. Leo jahazi limeachia kontena. Ukifika Marikiti, ukizipita ndizi na maembe ukaingia upande wa viungo, swali utakaloulizwa ni hili:

"Wa kupikia au wa mtoto, mama?"

"Nionyeshe wote, ami."

Wa kupikia umo kwenye kopo dogo, unga wa manjano uliotulia. Wa mtoto umo kwenye debe lenye kifuniko kilichokazwa, ndani ya mfuko juu ya mfuko. Ami niliyemzoea huutoa kwa mikono miwili, akauweka juu ya gazeti. Ni bonge la rangi ya kahawia, kama sukari guru iliyopata unyevu, na ndani yake umeona punje nyeupe zinazong'aa: ni matone yaliyoganda yakiwa mazima, na ami husema hayo ndiyo mvuje bora. Kisu huwa hakiingii vizuri, kwa hiyo hukipitisha kwanza kwenye moto wa mshumaa. Pale kilipokata, uso mpya ni mweupe kama maziwa yaliyotoka sasa hivi. Ukisubiri unayazungumza mengine, ukirudi kuuangalia umeshaanza kugeuka waridi. Ni utomvu uleule uliokwanguliwa mlimani, na bado unabadilika rangi ukikutana na hewa.

Mara nyingine kipande hutoka na mchanga, au kijiti, au kijijiwe. Wengine humlaumu muuzaji. Kwa kuwa mvuje hukwanguliwa kwenye mzizi ulio ardhini, uchafu kidogo hauepukiki, ingawa ni kweli pia kwamba wapo wanaouongezea udongo na gundi nyingine ili uzito upande. Ule wa kopo ni mchanganyiko wa halali: mvuje kidogo, unga wa ngano au wa mchele, na gundi ya mgunga, maana mvuje safi ni mkali kupita kiasi kwa mkono wa mpishi. Mwenye mwili usiokubali ngano asome maandishi ya kopo kabla ya kununua. Yapo makopo ya mchele.

Sasa mtoto. Juu ya hili nina msimamo, na nitausema wazi.

Binti wa kakangu alijifungua, na mtoto akawa na msokoto wa tumbo. Kila ikifika magharibi analia, anakunja miguu, hanyamazi. Mavyaa wake, mwanamke mwenye huruma na aliyelea wengi, akamwambia auyeyushe mvuje kwenye maziwa yake kidogo ampe mtoto anyonye kwenye kidole. Binti akanipigia simu.

"Shangazi, nimpe?"

"Usimpe. Hata tone."

Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida la tiba ya watoto habari ya kichanga aliyepewa dawa ya kienyeji ya mvuje uliochanganywa na gliserini ili kutuliza tumbo. Damu yake ilibadilika. Himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni, ilipoteza uwezo huo, na hali kama hiyo humfanya mtoto abadilike rangi, awe wa buluu, na ahitaji hospitali mara moja. Miili ya watu wazima ina njia ya kuirudisha himoglobini katika hali yake. Ya mtoto wa wiki chache haijapata nguvu hiyo, na himoglobini ya kichanga yenyewe hugeuka kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo kipimo kisichomdhuru bibi kinaweza kumdhuru mjukuu.

Mavyaa alichukua simu mwenyewe. Tukaamkiana, tukaulizana hali za nyumbani, kisha akasema, "Mwanangu, mbona sisi tulipewa na tukakua?"

Sikutaka kumvunjia heshima, na hakuwa amesema uongo. Nikamjibu, "Ni kweli, mama. Lakini wale waliopewa wakadhurika hatukuwahesabu, tulisema wamepatwa na jicho. Kitambaa sikukatazi. Kinywani ndipo ninapoogopa."

Akanyamaza kidogo, akauliza kama kitambaa kikikaa kitandani inatosha. Nikamwambia inatosha, na ni bora kuliko shingoni, kwa sababu uzi wa shingoni unaweza kumkaba mtoto akiwa amelala, na kilichoko mkononi kitaishia kinywani siku moja. Kikaningʼinizwa juu, pale mkono wa mtoto haufiki. Mtoto alipelekwa kliniki akapimwa, tumbo lenyewe likaja kutulia kadiri alivyokua, kama yanavyotulia matumbo mengi ya wachanga.

Nimeona wasomi wetu wakizidharau desturi za kitambaa kana kwamba ni za kwetu tu. Si za kwetu peke yetu. Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita, wazazi waliwavisha watoto mifuko midogo ya mvuje shingoni wakaenda nayo shuleni, na homa kuu ya mwaka 1918 ilipopiga, watu wazima nao wakaivaa. Homa ile haikuzuiwa na mifuko, na desturi ikafifia. Lakini inaonyesha kwamba mama aliye Mombasa na mama aliye Tennessee, bila ya kujuana, walifika kwenye mzizi uleule walipoogopa kupoteza mtoto. Hofu hiyo naiheshimu kabisa.

Kwa watu wazima kuna tahadhari mbili. Mjamzito asiutumie mvuje kuwa dawa, kwa kuwa tangu kale umetumiwa kuteremsha hedhi na kuharibu mimba. Na anayemeza dawa za kufanya damu isigande azungumze na daktari wake kwanza, kwa kuwa mimea ya jenasi hii ina kumarini nyingi, kemikali ambazo baadhi yake huzuia damu kuganda. Kisiwani Sardinia kondoo wanaokula Ferula communis hufa kwa kutokwa na damu ndani kwa ndani. Mmea huo, mrefu na wenye miavuli mizuri ya manjano, uko pia Afrika Mashariki, kwenye misitu na vichaka vya mbali na pwani. Basi atakayeuona huko asifikirie amepata mvuje wa bure. Autazame, aupige picha, auache. Ni mmea wenye historia ya peke yake: uboya ulio ndani ya shina lake huungua polepole sana bila kuzimika, na Wagiriki walisimulia kwamba Prometheus aliiba moto mbinguni akauficha ndani ya shina hilo. Ndugu mwingine, Ferula gummosa, ndio unaotoa kelbena, ambayo kitabu cha Kutoka kimeitaja pamoja na ubani katika uvumba mtakatifu. Wanaopaka usoni dawa zenye asidi ya feruliki nao wana deni kwa jenasi hii, kwani asidi hiyo ilipatikana kwanza kwenye utomvu wa Ferula mwaka 1866, hata kama leo hutolewa zaidi kwenye pumba za nafaka.

Mahali ninapoamini mvuje unastahili kukaa ni chunguni, kwa kiasi kidogo. Jirani zetu wa Kihindi ndio mabingwa. Wajaini, ambao hekalu lao liko barabara ya Langoni, hawali kitunguu maji wala thomu, na wapo Wahindu wengi wenye mwiko huohuo. Chakula chao kingepwaya bila ya mvuje, lakini hakipwayi. Jirani yangu, mama wa Kigujarati ambaye tumepeana sahani kwa miaka, huchemsha dengu peke yake na manjano na chumvi. Mwishoni huweka samli kwenye kikaango kidogo. Samli ikipata moto sawasawa hutupia mbegu za haradali, zikisharuka hutia bizari nyembamba, halafu huchovya ncha ya kisu kwenye kopo la mvuje na kuikung'uta. Hapo ndipo pa kusogeza pua. Kwa pumzi moja harufu kali inapanda, kisha moto unaivunja, na jikoni pote panabaki harufu ya kitunguu kilichokaangwa kikaiva, ingawa hakuna kitunguu nyumbani mle. Anamimina yote juu ya dengu na kufunika upesi.

Mimi nimeupeleka mvuje kwenye mbaazi za nazi. Tui la pili likishachemka na mbaazi zimelainika, naukaanga mvuje kwenye kijiko cha mafuta pamoja na pilipili iliyopasuliwa, naumimina, kisha tui zito linaingia mwisho. Ule wa kopo natumia kiasi cha kuchota kwa ncha ya kisu kwa sufuria ya watu sita. Ule safi, chembe isiyozidi punje ya mtama, ikaangwe mpaka iyeyuke na kububujika kabla ya kitu kingine kutiwa. Ikiwa mbichi chakula kizima kitaharibika. Kwa matumizi haya kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinakaa nyumbani mwaka mzima na zaidi, hivyo sina sababu ya kununua bonge. Ami wa Marikiti huniuzia kadogo bila ya kinyongo.

Kiwekwe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, si ya plastiki, maana plastiki hunywa harufu na hairudishi. Na chupa hiyo isikae kabati moja na majani ya chai.